Nukta Mama ya Chumvini

Hakuna mwanamke pwani nzima aliyepigwa picha na setilaiti mara nyingi kuliko Bi. Mize wa Chumvini. Mwenyewe alimwambia hivyo kila mgeni, shingo ameinyoosha: kila siku ya Mungu, saa tatu asubuhi, miaka kumi na moja sasa, Jicho linapita juu naye yuko chini na ufagio wake, hesabu imeshapita elfu nne. Mgeni akishakodoa macho vya kutosha, Bi. Mize alimalizia kwamba katika picha hizo zote hajaonekana hata ukucha. Jicho lile ni rada, na rada haioni mtu. Mwili wa binadamu kwake ni kama moshi. Inachokiona ni bati, jiwe na ukuta. Na yeye alikuwa bado hajawa jiwe, ingawa magoti yalishaanza.

Bati alilolifagia lilisimama juu ya kaburi la Shekhe Mgeni. Yalikuwa mabamba matatu ya alumini yaliyokutanishwa kama kona ya chumba, kuta mbili na sakafu. Wimbi la rada likishuka kutoka juu linadunda humo mara tatu na kurudi lilikotoka, kama mpira uliotupwa konani ukakurudia mkononi. Jicho linapima mpira umechukua muda gani. Ukichelewa kwa unywele, ardhi imeshuka kwa unywele. Kazi ya Bi. Mize ilikuwa kuhakikisha mpira haukutani na majani makavu, kiota, wala kanga ya mtu iliyochukuliwa na upepo. Mwaka mmoja kunguru alitaga humo mayai matatu, na kwa siku mbili wilaya nzima ikasomeka imeruka juu.

Wilaya nzima, kwa sababu ile haikuwa kona kama nyingine. Kila mtaa wa pwani na kila kijiji cha bara kilikuwa na kona yake, na zote zilipimwa kwa kulinganishwa na hii. Wataalamu waliiita Nukta Mama. Watoto walihesabiwa wamepanda au wameshuka kufuatana na mama alivyosimama.

Namba ziliwaka kwenye kibao mlangoni mwa kila mtaa, na siku hizo salamu haikukamilika bila namba. Watu wakikutana sokoni waliulizana hujambo, wa nyumbani hawajambo, na nyinyi mna ngapi. Posa haikupokelewa mpaka wazee wamtume mtu akasome kibao cha upande wa pili. Mtaa ukishuka zaidi ya milimita nane kwa mwaka, kibao kiligeuka chekundu. Ndani ya siku tisini nyaya za umeme zilikunjwa, shule ikafungwa, jina likatolewa kwenye orodha, na wakazi wake wakaitwa wafutwa. Mfutwa ni mtu kama watu. Ila wenzake walipompisha njiani walimpisha mbali kidogo, kama anayenuka maji.

Chumvini ilikuwa na sifuri nukta mbili, kijani kibichi, mwaka wa kumi na moja. Mtaa wenyewe ulijengwa juu ya mashamba ya zamani ya chumvi yaliyofukiwa mchanga. Chumvi ilikuwa imepanda kutani mpaka usawa wa kifua. Choo cha msikitini kilirudisha maji ya bahari kila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Minazi ya upande wa chini ilikuwa imekauka vichwa. Lakini kibao kilisema sifuri nukta mbili, na aliyelalamika aliambiwa akakisome.

Asubuhi ile ya Jumanne Bi. Mize alikuwa anachokonoa kinyesi cha ndege kwa kijiti alipomwona mtu nje ya ukuta wa makaburi, viatu mkononi, suruali imekunjwa. Alikuwa kijana mwembamba mwenye begi mgongoni na kitambulisho cha Mamlaka ya Kupima Pwani shingoni. Alifuata njia ya mkato, akakuta matope mahali ambapo ramani yake ilisema pakavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa. Mwenzio alinichumbia jana, nikaona nisimsumbue mtoto wa watu, nikakubali."

Kijana akacheka kwa adabu. Jina lake Lukindo, mhandisi, mtu wa milimani, na alikuwa ametumwa kwenye Nukta Mama. Bi. Mize akamwonyesha mabamba yanavyong'aa kama sinia la harusi. Lukindo akasema hakuja kukagua usafi. Akakaa juu ya ukuta wa makaburi, akakumbuka alipo, akasimama.

Alikuja na kioja. Mama yake mzazi alimpigia simu kwa furaha kwamba kijiji chao kinapanda. Kibao kilisomeka kumi na moja juu. Lukindo akaangalia kijiji cha jirani: kumi na moja. Akaangalia mji wa ng'ambo ya bonde: kumi na moja. Kila penye mwamba wa kweli, mawe ya tangu dunia kuumbwa, palikuwa panapanda milimita kumi na moja kwa mwaka, kote sawasawa, kama safu ya waumini inayoinuka kutoka kwenye rukuu. Wakubwa wake waliiona ni habari njema, wakaitia kwenye taarifa. Yeye alikosa usingizi. Milima, alisema, haina imamu.

"Bibi, umewahi kumpima mtoto urefu kwenye mwimo wa mlango?"

"Nimepima wengi."

"Sasa tuseme mlango wenyewe ndio unazama. Kila ukimsimamisha mtoto pale, alama inaonyesha amekua. Unamsifu, unamshonea nguo kubwa. Na mtoto yuko vilevile. Ni nyumba inayokwenda chini."

Bi. Mize aliendelea kuchokonoa mahali palipokwisha kuwa safi. Alikuwa amemwelewa kabla hajafika kwenye nguo.

"Hili kaburi liko juu ya nini?" Lukindo akauliza.

"Juu ya Shekhe."

"Na Shekhe?"

"Juu ya mwamba." Alijibu upesi, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Lukindo akatoa faili. Miaka kumi na moja nyuma, wapimaji walipofika Chumvini, waliomba mahali ambapo hapatasogea kwa miaka mia. Kwingine kote waliomba hivyo na kisha wakatoboa wahakikishe. Chumvini wazee walikaa kikao ambacho hakikufika hata kikombe cha pili cha kahawa, wakatoa kitu cha heshima kuliko vyote walivyokuwa navyo: kaburi la walii. Walii hahami. Wapimaji wakafurahi, kwa sababu alipolala walii hapajengwi, hapalimwi, wala hapapiti lori. Na kwa sababu hiyohiyo, hapakutobolewa. Kwenye fomu, penye nafasi ya aina ya mwamba, paliandikwa: matumbawe magumu, kwa ushahidi wa mtunza kaburi. Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba. Dole lilikuwa la Bi. Mize, na lilikuwa limetulia vizuri, halikuchezacheza.

Alichotaka Lukindo sasa ni tundu moja, unene wa kidole, kando ya kaburi, pasipo kumgusa Shekhe. Sheria ilitaka ridhaa ya mtunzaji. Mtunzaji akikataa, basi arudie ushahidi wake, na Lukindo hatakuwa na la kufanya. Na jambo lenyewe lilikuwa la haraka. Alhamisi, yaani keshokutwa, familia mia nne za Kwa Mbonde, mtaa uliofutwa mwezi uliopita, zingeletwa Chumvini. Ndio mtaa pekee wa pwani ile wenye kijani na nafasi. Kama kuna sababu ya kuzuia, lazima iandikwe kabla ya Jumatano adhuhuri.

Bi. Mize akasema mambo ya Shekhe hayajibiwi kwa haraka, aje kesho. Wakati wa kuagana alimwita mume wangu tena, lakini utani ule ulianguka katikati yao na hakuna aliyeinama kuuokota.

*

Alasiri bamvua lilijaa. Mtu wa Chumvini hakuwa na haja ya kwenda ufukweni kujua, kaburi lilitangaza lenyewe. Kwanza lilivuta: hewa iliingia kwa mluzi mwembamba kwenye ufa chini ya kisahani cha kauri kilichopachikwa kichwani mwake. Kisha kimya. Kisha likatoa, pumzi ndefu ya baridi yenye harufu ya mwani. Watu walisema Shekhe anavuta uradi, yaani dua zake. Walileta ubani, walileta watoto wenye degedege, waliapishana hapo wenye kesi. Mtaa ulikuwa na vijana kumi na mmoja wenye jina la Mgeni.

Bi. Mize aliketi mchangani, mgongo kwenye kaburi. Yeye peke yake kati ya walio hai alijua kwamba humo hamna mtu.

Kaburi lilipoanza alikuwa na miaka saba. Tajiri mmoja wa mjini alikitaka kiwanja cha bibi yake, Mafunda, ajenge ghala. Tajiri alikuwa na karatasi. Mafunda alikuwa na ulimi. Akamwambia kwa sauti ya huruma kwamba hamzuii, ila ampe siku tatu amwombe radhi aliyelala pale. Siku ya tatu palikuwa na kaburi. Mawe aliyabeba Mize kwa kikapu, akiambiwa wanajenga banda la kuku. Kichwani, kama makaburi ya wakubwa wa kale, Mafunda alipachika kisahani chenye maua ya buluu. Kilikuwa cha Mize mwenyewe, alichokuwa akinywea uji, na kilio chake kilisaidia sana, kwa sababu majirani walidhani ni kwa ajili ya Shekhe. Jina likawa Mgeni, maana mgeni hana ukoo wa kuja kukana. Walipochimba msingi wa mawe yale, mchanga ulikuwa mchanga mtupu, na chini ya mchanga, maji.

Tajiri hakuonekana tena. Mwaka wa pili mwanamke tasa alileta ubani akapata pacha. Mafunda alicheka mpaka akashika mbavu. Mwaka wa tano hakucheka. Mwaka wa kumi Mize alimkuta amepiga magoti pale peke yake, viganja wazi, akamwuliza anaomba nini mahali pasipo na mtu.

"Mjukuu wangu," Mafunda akasema, "watu wakipaomba mahali miaka kumi hapawi tena patupu. Aliyeingia simjui. Nakwambia tu kuna aliyeingia."

Tangu Mafunda afe, kila bamvua, mwishoni mwa ile pumzi, Bi. Mize alisikia kitu kidogo cha ziada. Kilianzia puani. Mafunda ndivyo alivyokuwa akicheka.

Hatua kumi na mbili kutoka hapo alilala binti yake, Saumu, mwaka wa tatu sasa. Wanawake hawaendi mazikoni, Bi. Mize alikaa jamvini na wenzake mpaka wanaume waliporudi. Kanzu zao zilikuwa zimelowa mpaka magotini. Ulikuwa mwezi wa kiangazi, mbingu kavu kama kigae. Mchimba kaburi alikunywa kahawa yake amesimama, uso ameupeleka ukutani. Hakuna aliyesema neno, naye hakuuliza, kwa kuwa swali lile lingekuwa na jibu. Ndivyo Chumvini ilivyoishi. Mmoja alijua kanzu, mwingine alijua choo, mwingine alijua minazi. Kila mtu alishika kipande chake kifuani na hakuna aliyethubutu kukiweka mezani.

Akifungua kinywa kesho, mtaa utafutwa. Watu wapatao elfu mbili watapelekwa kwenye mahema ya bara, wakiwa wamedanganywa na kisahani cha uji. Wafutwa hawaruhusiwi kuhamisha maiti zao. Saumu atabaki, na bahari itakuja kumlalia. Akifunga kinywa, familia mia nne zitajenga juu ya maji. Aliipiga hesabu hiyo mara tatu, na kila mara upande wa familia mia nne haukuwa na uso, na upande wa pili ulikuwa na uso wa Saumu.

Kaburi likatoa pumzi. Mwishoni, kile kitu kidogo.

"Cheka tu," Bi. Mize akaliambia. "Wewe umeshakufa."

Aliporudi nyumbani alimkuta Ngwali, Mwenyekiti wa mtaa, kibarazani na kilo ya halua. Mwenyekiti hakumtaja mhandisi hata kwa kukohoa. Alizungumzia bomba la maji matamu litakalokuja pamoja na wageni, na zahanati, na jinsi mtaa wenye watu wengi unavyosikilizwa. Alipoinuka ndipo aliposema kwamba Shekhe amewasitiri miaka yote hii, na kwamba anayeshika ufunguo wa nyumba hamfungulii mpita njia. Bi. Mize akamshukuru, akaipokea halua. Alikuwa na mashaka na mambo mengi jioni hiyo, lakini si na halua.

*

Jumatano Lukindo alikuja na mashine ya kutoboa juu ya mkokoteni wa magurudumu mawili. Macho yake yalikuwa mekundu. Bi. Mize alitoka nyumbani na sentensi moja mdomoni, ameishikilia njia nzima kama kokwa ya tende: hakuna mtu humo. Alikuwa ameamua. Aliamua alfajiri, kwa sababu alfajiri mtu huwa na ushujaa ambao hauna matumizi.

Alipokaribia kaburi aliona kwamba ukuta umezungukwa na watu. Hawakuwa na kelele wala fimbo. Walisimama tu. Mwenyekiti alikuwapo, mchimba kaburi alikuwapo, mmoja wa wale pacha wa kwanza alikuwapo, sasa mzee wa mkongojo, na kina mama walioshika mikono ya kina Mgeni wadogo. Walikuja kusikiliza, na nyuso zao zilikuwa nyuso za watu wanaosubiri majibu ya hospitali.

Lukindo akamwekea kigoda. Akamwuliza kama anaridhia.

"Hakuna," Bi. Mize akaanza.

"Hakuna nini, bibi?"

Upepo ulipita kwenye mabamba, yakalia kidogo.

"Hakuna haja ya kutoboa."

Likishatoka neno moja, mengine yalifuata yenyewe. Alisema kwamba akiwa na miaka saba kaburi lilikarabatiwa mbele ya macho yake. Alimtaja fundi kwa jina na jina la baba yake. Alisema mtaimbo ulishuka ukapiga mwamba, ukaruka, ukamng'oa fundi jino la mbele, na mwamba haukuingia hata alama. Aliutaja mwamba rangi yake, rangi ya nyama ya papa mbichi, na jinsi ulivyotoa cheche. Alimhurumia yule fundi kwa jino lake mpaka wanawake wawili ukutani wakafuta machozi. Ulikuwa uongo bora kuliko wote aliopata kusema. Na wakati wote alipokuwa akiusema alihisi Mafunda amekaa ubavuni kwake, kimya, kichwa ameinamisha kidogo, kama fundi cherehani anayekagua mshono wa mwanafunzi.

Lukindo alisubiri mpaka mwisho. Kisha akachutama mbele ya kigoda, akaongea chini kwa chini ili wa ukutani wasisikie.

"Bibi, sasa nakuuliza kama mjukuu, ofisi iweke pembeni. Ukiniambia kuna mwamba nitaandika kuna mwamba. Sina kingine. Kesho watoto watalala hapa."

Bi. Mize alitazama mikono ya kijana yule. Ilikuwa mikono safi ya mtu aliyelelewa juu ya mawe.

"Andika," akasema.

Akatia dole. Lukindo alimfuta wino kwa kitambaa chake mwenyewe, polepole, kidole kimoja tu, kama anayemwosha mgonjwa. Alisema basi ni kweli, milima inapanda. Atampigia mama yake ampe pongezi. Akafunga mashine yake, akavua viatu, akaondoka kwa ile njia ya matope bila kugeuka. Ukutani watu walitawanyika haraka, na wachache walimpa mkono Bi. Mize. Mchimba kaburi alipita mbali.

*

Alhamisi malori yalikuja tangu asubuhi. Serikali ya mtaa ilikwisha kugawa wageni: kila nyumba familia moja, mpaka zao zijengwe. Bi. Mize alijitetea kwa uzee, kwa magoti, na kwa kukoroma kwake kunakotisha watu. Hakuna utetezi uliopokelewa. Akaletewa mwanamke wa makamo aitwaye Somoe, mpana wa mabega, mchache wa maneno, na wajukuu zake wawili wa kike, Rehani wa miaka sita na Zamda wa miaka mitatu. Waliomwona akiingia mtaani walisema alisimama mbele ya kibao muda mrefu, kisha akambeba kila mtoto juu kwa zamu, akamgusisha taa ya kijani.

"Karibuni," Bi. Mize akawaambia. "Nyumba ndogo, lakini mwenye nyumba mdogo zaidi. Mtanizoea."

Rehani akacheka. Somoe akatabasamu na kushika ukuta. Alikuwa na tabia hiyo; kila alipopita aligusa kitu kwa kiganja, mwimo, nguzo, ukuta, kama daktari anayepita wodini.

Bi. Mize aliwapa chai ya tangawizi na ile halua. Watoto walikula mpaka vidole. Somoe alikula kidogo, na pole kwa pole, pasipo kuulizwa, akaanza kueleza Kwa Mbonde ilivyokwisha. Alisema watu hudhani bahari inakuja na kishindo. Kwao ilikuja kwa adabu, kama mkwe, ikivua viatu mlangoni. Kwanza sakafu ilikuwa na jasho asubuhi. Kisha milango ikawa haifungi. Baadhi walitaka kuhama mapema, wakahesabiwa waoga, kwa sababu kibao kilikuwa kijani.

"Tulikuwa na saba," Somoe akasema. "Nane ndiyo hatari, sisi saba. Kila mwaka saba. Mume wangu alikuwa akisema, moja ni moja, Mungu ametuachia moja. Tukakaa."

Ukuta wa shule ulianguka asubuhi moja kabla ya kengele. Msingi wake ulikuwa umeoshwa chini siku nyingi, hakuna aliyejua. Kulikuwa na watoto sita ndani waliowahi kufagia. Ndipo wapimaji walipokuja na ngazi, wakakipanda kibao na kukigeuza chekundu kwa mikono, huku chenyewe kinaendelea kuandika saba.

Akamvuta Zamda, akamfuta halua shavuni.

"Hawa walikuwa watatu," akasema.

Saba na kumi na moja. Bi. Mize aliishia darasa la saba, na hesabu ile haikuhitaji zaidi. Aliijumlisha kwa upole, kisha akaijumlisha tena kutoka upande wa pili, akitumaini itabadilika. Kumi na nane. Mtaa wa watu ulikuwa unakwenda chini kumi na nane kila mwaka, na kibao kikasema saba, kwa sababu mwimo wa mlango ulikuwa unazama kumi na moja. Na mwimo ulisimamishwa pale kwa dole gumba. Alilitazama dole. Wino wa jana ulikuwa bado kwenye kingo za ukucha. Mahali fulani nje pumzi ndefu ilianza kuvutwa, mapema kuliko kawaida, na kwa mara ya kwanza tangu afe Mafunda haikuishia kwa kicheko. Iliishia tu.

Akainuka upesi, akasema atawaonyesha pa kulala. Aliongea bila kituo. Alieleza habari za dirisha linalogoma, za jogoo wa jirani asiyejua saa, za mjusi wa darini anayelipa kodi kwa kula mbu. Akawafungulia chumba chake mwenyewe, kwa kuwa ndicho kikubwa. Yeye atalala ukumbini, alisema, wazee hawalali, wanapumzisha macho tu. Somoe akakunjua mkeka wake sakafuni kwa ajili ya watoto, akaulaza vizuri, akapiga magoti kunyoosha pembe ya kule chini ya kitanda.

Hapo akatulia.

Kitanda cha Bi. Mize hakikugusa sakafu. Kila mguu ulikaa juu ya matofali matatu. Kabati nalo lilikuwa juu ya matofali. Gunia la mchele lilining'inia darini kwa kamba, na sanduku la nguo lilikuwa juu ya kabati. Somoe alinyoosha mkono, akapitisha kidole kwenye tofali la chini kabisa, akakitazama kidole.

"Mama," akasema, bila kugeuka, "umepandisha vitu kwa nini?"

"Panya, mwanangu." Bi. Mize alijibu upesi. "Panya wa huku hawana adabu. Wanakula mpaka miguu ya kitanda."

Somoe alikunja mkeka, taratibu, akaubana kwapani. Akambeba Zamda akamweka juu ya kitanda, akambeba Rehani akamweka kando ya mdogo wake, akawafunika miguu kwa kanga ingawa jua lilikuwa kali. Kisha akageuka, akamtazama yule bibi kizee machoni, pasipo hasira yoyote, kama mtu anayemtambua ndugu aliyepotezana naye siku nyingi.

"Hata kwetu," akasema, "tulianza kwa kusema panya."